Asidi na Besi Wenza katika Historia ya Utafiti wa Malaria Ifakara, 1957–2016

1.0 Utangulizi

Viwanja Sitini ni miongoni mwa kata za mji wa Ifakara, katika Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Upande wa kaskazini-magharibi bonde hili limepakana na Milima ya Udzungwa, na upande wa kusini-mashariki limepakana na nyanda za juu za Mahenge. Wakati wa masika maji ya milimani huteremka, Mto Kilombero hufurika na mashamba ya mpunga hujaa maji. Mafuriko hayo ndiyo yanayowapa wakazi chakula chao, na ndiyo hayo hayo yanayowapa mbu mazalia. Katika kijiji cha Namawala, kilichopo bondeni humo, watafiti walikadiria mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Kwa mtoto mchanga anayelala na mama yake katika dungu la kulindia mpunga, takwimu hiyo ilikuwa na maana ya uhai au kifo.

Historia ya mapambano dhidi ya malaria bondeni Kilombero imesimuliwa mara nyingi kama historia ya taasisi, ya vyandarua na ya dawa. Insha hii inaiangalia kwa upande ambao haujazungumzwa sana kwa lugha ya Kiswahili, yaani upande wa kemia. Hoja kuu ni kwamba jambo linalofundishwa katika shule za sekondari kama zoezi la hesabu, yaani kulinganisha nguvu za asidi na nguvu za besi wenza wake, limeamua mambo mawili makubwa katika historia hiyo. La kwanza ni namna dawa ya klorokwini ilivyofanya kazi na namna ilivyoshindwa. La pili ni namna watafiti wa Ifakara walivyofaulu kutengeneza harufu inayomvuta mbu kuliko binadamu anavyomvuta.

Insha imegawanywa katika sehemu sita. Baada ya utangulizi huu, sehemu ya pili inaeleza msingi wa nadharia. Sehemu ya tatu inaeleza chimbuko la utafiti Ifakara. Sehemu ya nne inajadili klorokwini, na ya tano inajadili harufu ya binadamu na majaribio ya Lupiro. Sehemu ya sita ni hitimisho.

2.0 Msingi wa Nadharia

Tangu zamani watu wa bondeni wamezijua asidi na besi kwa ulimi na kwa chungu. Ukwaju na ndimu ni vikali kwa sababu vina asidi. Magadi, ambayo akina mama hutia katika maharage au mlenda ili kulainisha, ni besi. Majivu yaliyochujwa nayo ni besi. Ujuzi huo ulikuwa sahihi, lakini haukuwa na kipimo.

Kipimo kilipatikana kwa hatua. Katika miaka ya 1880 Svante Arrhenius wa Sweden alieleza kwamba asidi ni kitu ambacho, kikiwa ndani ya maji, hutoa ayoni za haidrojeni. Mwaka 1909 S. P. L. Sørensen, akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg huko Copenhagen, alianzisha kipimo cha pH. Kisha mwaka 1923 Johannes Brønsted wa Denmark na Thomas Lowry wa Uingereza, kila mmoja kwa nafasi yake, walitoa maelezo yanayotumika hadi leo: asidi ni kitu kinachotoa protoni, na besi ni kitu kinachopokea protoni.

Maelezo ya Brønsted na Lowry yalileta wazo ambalo halikuwapo katika nadharia ya Arrhenius, yaani wazo la wenza. Asidi ikishatoa protoni yake, kinachobaki ni besi, kwa kuwa kinaweza kuipokea tena protoni ile ile. Kwa hiyo kila asidi ina besi mwenza, na kila besi ina asidi mwenza. Asidi ya laktiki ikitoa protoni hubaki laktati. Amonia ikipokea protoni huwa amoniamu. Wawili hao ni kitu kimoja katika hali mbili, na hali ya mazingira ndiyo inayoamua ni ipi itakayotawala.

Kutokana na wazo hilo hupatikana kanuni ya kulinganisha. Asidi inayotoa protoni kwa urahisi ina besi mwenza asiye na haja kubwa ya kuirudisha. Yaani kadiri asidi inavyokuwa na nguvu, ndivyo besi mwenza wake anavyokuwa dhaifu. Nguvu hiyo hupimwa kwa namba iitwayo pKa: namba ikiwa ndogo, asidi ina nguvu zaidi. Katika nyuzijoto 25 za Selsiasi, jumla ya pKa ya asidi na pKb ya besi mwenza wake ndani ya maji ni 14.

Mfano unaohusu insha hii ni ulinganisho wa vitu vitatu. Asidi ya laktiki ina pKa ya takribani 3.86. Asidi ya butiriki, inayotoa harufu ya siagi iliyochacha, ina pKa ya takribani 4.82. Amoniamu ina pKa ya takribani 9.25. Kwa hiyo asidi ya laktiki ina nguvu kama mara 9 kuliko asidi ya butiriki, na kwa kiasi hicho hicho laktati ni besi dhaifu kuliko butirati. Amoniamu ni asidi dhaifu kuliko zote mbili kwa mbali sana, na ndiyo maana amonia, besi mwenza wake, ni besi yenye nguvu kuliko laktati na butirati.

Matokeo mawili ya kanuni hii yanahitaji kusisitizwa, kwani ndiyo yanayobeba hoja ya insha. Kwanza, pale pH ya mazingira inapolingana na pKa, asidi na besi mwenza huwa nusu kwa nusu. pH ikipanda kwa 1, besi huwa mara 10 ya asidi. Ikishuka kwa 1, asidi huwa mara 10 ya besi. Pili, hali isiyo na chaji ya umeme ndiyo inayoweza kupenya utando wa seli kwa urahisi au kupaa hewani kama mvuke, ilhali hali yenye chaji hubaki imefungwa ndani ya maji. Mipaka ya dawa na mipaka ya harufu imo ndani ya sentensi hizo mbili.

3.0 Chimbuko la Utafiti Ifakara

Uhusiano wa Ifakara na sayansi ya kisasa ulipitia mji wa Basel, Uswisi. Wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi walikuwa wamekwisha kujenga huduma za afya bondeni kabla ya watafiti kufika. Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama aliyeanzisha Taasisi ya Tropiki ya Uswisi mwaka 1943, alifika Ifakara mwaka 1949. Mwaka 1957 taasisi hiyo ilifungua maabara ya utafiti Ifakara, na mwaka 1961 kikaanzishwa kituo cha mafunzo ya watumishi wa afya wa vijijini. Maabara hiyo ndiyo iliyokua, ikakabidhiwa mikononi mwa Watanzania, na hatimaye mwaka 2008 ikachukua jina la Taasisi ya Afya Ifakara.

Geigy alitoka katika ukoo ambao jina lake lilibebwa na kampuni ya kemikali ya J. R. Geigy. Katika kampuni hiyo Paul Müller aligundua mwaka 1939 kwamba DDT huua wadudu, ugunduzi uliompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Kwa mtazamo wa insha hii DDT ni kielelezo cha kulinganishia. DDT haina tabia ya kutoa wala kupokea protoni katika maji ya kawaida; si asidi wala si besi kwa maana inayojadiliwa hapa. Haibadiliki kwa kufuata pH ya mahali ilipo. Ubora wake ulikuwa kudumu ukutani kwa miezi, na hasara yake ilikuwa hiyo hiyo ya kudumu. Vitu viwili vinavyojadiliwa katika sehemu zinazofuata ni vya aina nyingine, kwa sababu hubadilika kila vinapovuka mpaka kati ya pH moja na nyingine.

4.0 Klorokwini: Besi Iliyonaswa

Klorokwini iliundwa mwaka 1934 na Hans Andersag katika kampuni ya Bayer, Ujerumani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilienea Afrika, na kwa takribani miongo mitano ilikuwa dawa ya kawaida ya homa katika zahanati na maduka. Uchungu wake ulijulikana kwa kila mtoto aliyewahi kushikwa pua ili aimeze. Uchungu huo ulikuwa dalili ya asili yake, kwani klorokwini ni besi.

Molekuli ya klorokwini ina sehemu mbili zinazoweza kupokea protoni. Asidi wenza wake wana pKa za takribani 10.2 na 8.1. Kimelea cha malaria, kikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu, humeng'enya hemoglobini katika kifuko chake cha chakula. Mmeng'enyo huo huhitaji asidi, kwa hiyo pH ya kifuko ni kama 5 na kidogo, ilhali pH ya damu ni 7.4.

Hapo ndipo ulinganisho wa nguvu unapotoa jibu. Klorokwini isiyo na chaji hupenya utando na kuingia ndani ya kifuko. Humo hukutana na protoni tele, huzipokea mbili, hupata chaji mbili chanya, na hushindwa kutoka. Ikichukuliwa kwamba pH ya kifuko ni 5.4, tofauti na damu ni 2. Besi yenye nafasi moja tu ya protoni, na yenye nguvu ya kutosha, ingejilimbikiza humo kama mara 100. Klorokwini, kwa kuwa ina nafasi mbili, kwa hesabu hiyo hiyo hujilimbikiza zaidi ya mara 8,000. Ikiwa imerundikana hivyo, huzuia kimelea kugeuza hemu, ambayo ni sumu, kuwa fuwele zisizo na madhara, na kimelea hufa kwa sumu ya chakula chake chenyewe. Kwa ufupi, kimelea kilitengeneza asidi kwa ajili ya kula, na asidi hiyo ikawa mtego wa kunasia dawa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 usugu wa vimelea dhidi ya klorokwini ulianza kuonekana Afrika Mashariki, na katika miongo miwili iliyofuata ukaenea. Mwaka 2001 Tanzania iliiondoa klorokwini kama dawa ya kwanza na kuweka sulfadoksini-pirimethamini mahali pake. Mwaka 2006 ikahamia kwenye dawa mseto. Kati ya tarehe hizo kuna vifo vya watoto waliopewa vidonge vya klorokwini kwa wakati na kwa kipimo sahihi, lakini vidonge havikuweza tena kufanya kazi.

Sababu ya usugu ilibainishwa mwaka 2000, pale David Fidock na wenzake walipoonesha kwamba badiliko katika jeni iitwayo pfcrt ndilo kiini. Jeni hiyo hutengeneza protini iliyopo katika utando wa kifuko cha chakula. Katika nafasi ya 76 ya protini hiyo, asidi amino ya laisini imebadilishwa kuwa threonini. Badiliko hilo linaonekana dogo, lakini likiangaliwa kwa nadharia ya Brønsted na Lowry uzito wake unadhihirika. Mkono wa laisini ni besi yenye nguvu kiasi. Asidi mwenza wake ana pKa ya takribani 10.5, hivyo ndani ya kimelea mkono huo huwa umeshika protoni na una chaji chanya. Threonini haina chaji hiyo. Maelezo yaliyopewa uzito na watafiti ni kwamba chaji chanya ya laisini ilikuwa ikiisukuma nyuma klorokwini yenye chaji chanya mbili. Laisini ilipoondoka, mlango ukafunguka na dawa ikaanza kutolewa nje ya kifuko.

Kwa hiyo kimelea hakikuacha kutengeneza asidi, wala klorokwini haikupoteza nguvu yake ya besi. Kilichobadilika ni protoni moja iliyokuwa imeshikwa mahali pamoja mlangoni. Jambo hili linasahihisha kauli ya kawaida mitaani kwamba dawa "ilizoeleka mwilini". Mwili wa mgonjwa haukuizoea dawa. Mabadiliko yalitokea kwa kimelea.

5.0 Jasho, Amonia na Majaribio ya Lupiro

5.1 Harufu ya binadamu

Dawa zilipokuwa zikisuasua, Ifakara iliongeza jitihada katika kumzuia mbu. Kuanzia mwaka 1996 mradi wa vyandarua katika wilaya za Kilombero na Ulanga uliuza vyandarua vyenye dawa kwa jina la Zuia Mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionesha kwamba matumizi ya vyandarua hivyo yalihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la uwezekano wa kuishi kwa watoto wa umri kati ya mwezi 1 na miaka 4. Hata hivyo chandarua humlinda mtu aliye kitandani. Hakimlindi anayepika uani jioni, wala mkulima anayekesha shambani akifukuza nguruwe mwitu. Hivyo likazuka swali la jinsi ya kumvuta mbu aelekee mahali pengine.

Ujuzi kuhusu kinachomvuta mbu ulikuwa umejengwa polepole. Mwaka 1968 Acree na wenzake nchini Marekani walionesha kwamba asidi ya laktiki kutoka mwilini humvuta mbu aina ya Aedes aegypti. Mwaka 1996 Bart Knols na Ruurd de Jong wa Uholanzi walionesha kwamba jibini ya Limburger, ambayo hunuka kama miguu, humvuta Anopheles gambiae. Mwaka 1999 Marieta Braks na Willem Takken waligundua kwamba jasho lililoachwa likae kwa muda humvuta mbu huyo kuliko jasho jipya. Jasho jipya ni la asidi. Likikaa, bakteria hulibadilisha, amonia huongezeka, na pH hupanda. Mwaka 2005 Renate Smallegange na wenzake walithibitisha kwamba amonia, asidi ya laktiki na asidi nyingine za kaboksili huvuta zaidi zikiwa pamoja kuliko kila moja peke yake.

Ulinganisho wa nguvu unaeleza kwa nini jasho lilibadilika kwa namna hiyo. Ngozi ya binadamu ina pH ya takribani 5. Katika pH hiyo, asidi ya laktiki, kwa kuwa ndiyo yenye nguvu zaidi, imekwisha kutoa protoni kwa sehemu kubwa. Inayobaki katika hali ya asidi ni kama asilimia 7 tu. Asidi ya butiriki, iliyo dhaifu zaidi, hubaki katika hali ya asidi kwa kiasi cha asilimia 40. Kwa upande wa amonia, karibu yote imeshika protoni: katika kila molekuli 100,000, ni kama 6 tu zilizo huru kupaa. pH inapopanda, mizani hugeuka. Amonia huachiliwa, na asidi hufungwa. Mwili wa mtu, kwa hiyo, hautoi harufu zake zote kwa wepesi ulio sawa. Kila hatua ya pH huachilia baadhi na kuzuia nyingine.

Pumzi nayo hufuata kanuni hiyo. Katika damu yenye pH 7.4, hewa ya ukaa husafiri kwa sehemu kubwa kama bikabonati, ambayo ni besi mwenza wa asidi ya kaboniki, kwa uwiano wa takribani 20 kwa 1. Ikifika mapafuni, bikabonati hupokea protoni na kurudi kuwa gesi, na mtu huitoa kwa pumzi. Mbu huifuata pumzi hiyo gizani.

5.2 Mchanganyiko wa Ifakara

Fredros Okumu na wenzake katika Taasisi ya Afya Ifakara walitengeneza mchanganyiko uliounganisha amonia, asidi ya laktiki, asidi kadhaa za kaboksili na hewa ya ukaa, na wakachapisha matokeo mwaka 2010. Majaribio yalifanyika katika mazingira yaliyozungushiwa wavu na katika vibanda maalumu vya utafiti kijijini Lupiro, wilayani Ulanga, ng'ambo ya mto kutoka Ifakara.

Namna ya kutoa harufu ilikuwa na umuhimu sawa na viungo vyenyewe. Watafiti walitumia vipande vya kitambaa cha nailoni, kila kemikali ikiwa na kipande chake. Utengano huo una maana kubwa kikemia. Kama amonia na asidi ya laktiki zingemiminwa katika chombo kimoja, protoni ingehama kutoka kwa asidi kwenda kwa amonia. Tofauti ya pKa zao ni takribani 5.4, hivyo msawazo ungeegemea upande wa amoniamu na laktati kwa kiwango cha zaidi ya 200,000 kwa 1. Kwa asidi ya butiriki kiwango hicho kingekuwa kama 27,000 kwa 1. Mabaki yangekuwa chumvi isiyopaa, na mbu asingenusa kitu cha maana. Zikiwa zimetengwa, kila moja hubaki katika hali isiyo na chaji. Katika mmumunyo wa amonia wa asilimia chache, pH huzidi 11, na zaidi ya asilimia 99 ya amonia ni huru. Katika asidi ya laktiki iliyokolea, karibu yote ni asidi. Wenza walitenganishwa kwenye kitambaa ili harufu zao zikutane hewani.

Ni lazima kukiri kwamba pKa peke yake haielezi kila kitu. Wepesi wa kupaa hutegemea pia ukubwa wa molekuli na namna inavyoshikana na kitambaa, na hali ya mbu kuvutwa hutegemea vipokezi vya harufu katika papasi zake. Kemia ya protoni inaeleza tu kitakachofika hewani. Uamuzi wa kukifuata ni wa mbu.

5.3 Matokeo na mipaka yake

Matokeo ya Lupiro yalikuwa ya aina mbili. Mchanganyiko ulipowekwa katika kibanda kimoja na mtu akalala katika kibanda kingine, umbali wa kati ya mita 10 na 100, mchanganyiko ulivuta mbu mara 3 hadi 5 zaidi ya mtu. Lakini viwili hivyo vilipowekwa katika kibanda kimoja, mtu alivuta mbu kwa kiasi sawa au zaidi. Kwa maneno mengine, watafiti walikuwa wamefaulu kuiga ishara ya mbali na hawakuwa wamekamilisha kuiga ishara ya karibu, ambayo ndani yake yamo pia joto na unyevu wa mwili.

Tofauti hiyo ilikuwa na uzito kwa watu wa bondeni. Kwa miongo mingi, njia iliyotegemewa katika kupima wingi wa mbu ilikuwa mtu kukaa usiku kucha akiwa amekunja suruali, akiwakamata mbu wanaotua miguuni kabla hawajamuuma. Vijana wa vijijini ndio waliofanya kazi hiyo. Harufu ya kutengenezwa iliashiria uwezekano wa kuwaondoa katika nafasi ya chambo. Kwa hiyo suala la kutenganisha amonia na asidi kwenye vipande viwili vya nailoni lilihusu pia heshima na usalama wa mtu aliyelipwa ili akae mahali ambapo mbu angemfikia.

5.4 Kutoka Kilombero hadi Rusinga

Kilichoanzia Ifakara kiliendelezwa kwingine. Nchini Kenya, Wolfgang Richard Mukabana na wenzake walipunguza idadi ya viungo na kuunda mchanganyiko uliokuwa na amonia, asidi ya laktiki, asidi ya tetradekanoiki, pombe moja na butilamini. Butilamini ni besi yenye nguvu kuliko amonia. Asidi mwenza wake ana pKa ya takribani 10.6. Hivyo kwenye ngozi yenye pH 5 ingekuwa imefungwa kuliko hata amonia, na kwenye kipande chake cha nailoni iko huru. Hewa ya ukaa, ambayo ni ghali kusafirisha kwa mitungi vijijini, ilipata mbadala.

Kati ya mwaka 2012 na 2015 mitego yenye harufu hizo iliwekwa katika kaya za Kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, ikiendeshwa kwa umeme wa jua. Ripoti ya Tobias Homan na wenzake ya mwaka 2016 ilionesha kwamba kiwango cha maambukizi ya malaria kilikuwa chini kwa asilimia 29.8 katika maeneo yaliyokuwa na mitego, na idadi ya Anopheles funestus ilipungua kwa asilimia 69.2. Hizi zilikuwa takwimu za kutia moyo, ingawa hazikuifanya mitego ichukue nafasi ya chandarua.

6.0 Hitimisho

Insha hii imechunguza historia ya utafiti wa malaria Ifakara kwa kufuata kanuni moja ya kemia. Imebainika kwamba kanuni ya asidi na besi wenza inaunganisha matukio mawili ambayo kwa kawaida husimuliwa mbalimbali. Katika tukio la kwanza, besi ilinaswa ndani ya asidi na kumuua kimelea, hadi kimelea kilipopoteza chaji moja mlangoni na kuifungulia njia. Katika tukio la pili, watafiti waliizuia asidi isikutane na besi mapema, ili kila moja ibaki na uwezo wa kupaa na kumpotosha mbu.

Aidha, imebainika kwamba matukio hayo mawili yana mwelekeo unaopingana. Nguvu ya klorokwini ilitokana na kupata chaji, na nguvu ya mchanganyiko wa Ifakara ilitokana na kuepuka chaji. Mwanafunzi anayekariri kwamba "asidi yenye nguvu ina besi mwenza dhaifu" amepata kanuni, lakini hajapata matumizi yake mpaka aulize: katika pH ya mahali hapa, ni hali ipi itakayotawala, na hali hiyo inaweza kuvuka mpaka au haiwezi?

Kwa ajili hiyo, inafaa ufundishaji wa mada hii katika shule za sekondari za Kilombero na kwingineko nchini uanzie kwenye mifano iliyo karibu: magadi ya jikoni, jasho la mkulima, kidonge kichungu cha klorokwini, na kitambaa cha nailoni kilichoning'inizwa Lupiro. Mtoto wa Viwanja Sitini hana haja ya kuazima mfano kutoka Copenhagen ili aelewe besi mwenza. Mfano huo uko katika mji wake, na umewahi kuamua nani apone na nani asipone.